Mtaalamu Wako Hayumo kwenye Orodha ya Bima? Uliza Kabla ya Kulipa

(Nakala ya mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wakazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii, mjini Voi. Imefupishwa kidogo ili itoshee katika jarida.)



Mimi nimezoea kukaa nyuma ya kamera. Kwenye mikutano kama hii mnaniona nikipita huku nimeinama nisizibe watu. Leo nimeambiwa nisimame mbele, na sababu ni hii: tulipochapisha tangazo kuhusu afya ya akili, simu zilikuja ofisini kwetu, na swali lililorudiwa zaidi halikuwa la ugonjwa. Lilikuwa la pesa. Mtu anasema, "Nimepata mshauri ninayemwamini, lakini bima yangu inasema hayumo kwenye orodha yao. Basi."

Wengi huishia hapo kwenye "basi". Mimi nilikaribia kuishia hapo pia, na nitawaeleza.

Kwanza tukumbushane kwa nini jambo hili linatuhusu hapa Taita Taveta. Tunaishi kando ya Tsavo. Ndovu akiua mtu, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia. Watu hufuatilia fidia hiyo kwa miaka, na wana haki. Lakini yule mtoto aliyemwona baba yake akiuawa shambani, nani anamuuliza kama analala usiku? Barabara kuu ya Nairobi na Mombasa nayo inapita katikati yetu, na kila mwaka inatuachia wajane na manusura. Halafu kuna ukame, mikopo, watoto waliomaliza shule na hawana kazi. Tiba ya mazungumzo, yaani kuketi na mwanasaikolojia au mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, vikao kadhaa mfululizo, si anasa ya watu wa Nairobi.

Shida ni bei, na wataalamu wenyewe wako mbali.

Sasa hiyo orodha ni nini? Kampuni ya bima huingia mkataba na hospitali, kliniki na wataalamu fulani, wakakubaliana bei. Ukienda kwa hao, unatoa kadi, unaweka kidole kwenye mashine, unatia sahihi na kuondoka. Ukienda kwa mtu asiye kwenye orodha, kadi haifanyi kazi. Unalipa mwenyewe kwanza, kisha unaandika madai kampuni ikurudishie. Baadhi ya mikataba ya bima inaruhusu jambo hilo, baadhi hairuhusu, na mingine inaruhusu kwa masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho. Kadi haikuelezi lolote kati ya hayo. Inabidi usome mkataba au uulize.

Kabla sijaendelea na bima za kampuni, niizungumzie SHA, kwa kuwa hiyo ndiyo ya wote. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake, na mchango haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Sasa sikilizeni vizuri: SHA hulipa kituo kilichoingia mkataba nayo. Haimlipi mgonjwa. Ukienda kwa mshauri wa kibinafsi asiye na mkataba na SHA, ukalipa, kisha ukaja na risiti, hakuna dirisha la kuipokea risiti hiyo. Nalisema wazi kwa sababu kuna watu mtaani wanaochukua pesa za wengine wakiwaahidi "kuwashughulikia" marejesho ya SHA. Msiwape hata shilingi kumi. Usajili wenyewe ni bure, unabonyeza *147# kwa simu yako.

Hiyo haina maana SHA haikusaidii. Inakusaidia kwa upande mwingine, na watu wengi hawaoni upande huo. Matibabu ya akili si kikao cha mazungumzo pekee. Kuna kuonwa na kupimwa, kuna dawa kwa wanaozihitaji, kuna kulazwa ikifika hapo. Huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 hulipiwa na Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi kwa kila aliyejisajili. Anzia huko. Eleza tatizo lako kwa mhudumu, uombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya juu. Kila kipande kinacholipwa na SHA ni pesa inayobaki mfukoni mwako kwa kile kisicholipwa. Na ile barua ya rufaa ishike kama kitambulisho, maana nitairudia.

Sasa nije kwangu.

Kazi yangu inanitaka nifike mapema kwenye matukio. Siku moja nilifika mapema mno kwenye ajali, magari ya kubebea majeruhi yakiwa bado njiani. Sitaeleza nilichokiona. Nilipiga picha ambazo hatukuzichapisha, nikaandika taarifa, nikarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili nikawa naamka saa tisa usiku, moyo ukidunda, nasikia honi ya lori. Nikawa siwezi kupanda matatu bila kushika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mama alisema nimefanyiwa jambo, akataka twende kwa mtu fulani anayemjua. Nilimwambia mama, naomba kwanza nijaribu kwa daktari, tukishindwa tutaenda kwa huyo wako. Akakubali shingo upande.

Daktari wa hospitali ya umma alinisikiliza, akaniambia hali yangu ina jina, na akaniandikia barua nimwone mwanasaikolojia. Nikaifungua ile orodha ya bima yangu. Upande wetu huu kulikuwa na mwanasaikolojia mmoja tu. Na mwanasaikolojia huyo tunaketi naye benchi moja kanisani, mtoto wake anasoma na mpwa wangu.

Ninyi mnacheka, lakini mnajua ninachosema. Si kwamba ni mtu mbaya. Wataalamu hawa wameapa kutunza siri, na naamini angetunza yangu. Ni mimi nisingeweza kufungua mdomo, halafu Jumapili nimpe mkono. Katika mji mdogo hii ni sababu halali ya kwenda nje ya orodha. Nyingine ni lugha: kuna mzee ambaye maumivu yake yanatoka kwa Kidawida tu. Nyingine ni umbali, au foleni ya miezi, au mama anayetaka kuzungumza na mwanamke mwenzake. Mkiandika maombi kwa kampuni ya bima, andikeni sababu hiyo waziwazi. Mimi nilichelewa kuiandika, ikanigharimu.

Nilimpata mwanasaikolojia Mombasa. Shilingi 4,000 kwa kikao. Kikao cha kwanza nilipanda treni ya SGR, nikalipa kwa M-Pesa, nikarudi nikiwa mwepesi kidogo. Sikumwuliza mtu yeyote wa bima neno lolote. Niliona nitauliza nikimaliza. Vikao vikafika sita, shilingi 24,000. Nikakusanya ujumbe wa M-Pesa, nikauchapisha, nikaupeleka pamoja na fomu ya madai. Mwezi ukapita. Jibu likaja mstari mmoja: madai yamekataliwa, maelezo hayatoshi.

Nilikasirika kweli. Nikaiweka ile barua kwenye droo. Ilikaa huko siku kadhaa, na kama si dada mmoja wa ofisi ya wafanyakazi aliyeniuliza nimefikia wapi, ingekuwa huko hadi leo. Yeye ndiye aliyeniambia, "Hawajasema hawalipi. Wamesema maelezo hayatoshi. Piga simu uulize ni maelezo gani."

Nikapiga. Na hapa ndipo nilipojifunza ninachotaka mwende nacho nyumbani.

Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba pesa imetoka kwako ikaenda kwa mtu. Hauonyeshi imelipia nini. Kwa kampuni ya bima, ungeweza kuwa umenunua mbuzi. Wanachotaka ni ankara ya mtaalamu iliyo na jina lako kama lilivyo kwenye kadi, jina lake na sifa zake, namba yake ya usajili, tarehe ya kila kikao peke yake, muda wa kikao, aina ya huduma, kiasi kilicholipwa, na jina la hali inayotibiwa pamoja na namba yake ya kimataifa. Shirika la Afya Duniani limeyapa magonjwa yote namba. Sonona huanzia F32, wasiwasi F41, na ile ya mshtuko baada ya tukio baya, ambayo ndiyo yangu, ni F43.1. Ankara ikisema "ushauri nasaha" tu, karani hana pa kuiingiza. Siku hizi baadhi ya kampuni hudai pia risiti ya eTIMS ya KRA, kwa hivyo mwulize mtaalamu wako mapema kama anaitoa. Pamoja na hayo weka nakala ya barua ya rufaa. Ile niliyowaambia mwishike.

Mwanasaikolojia wangu aliandika ankara upya kwa siku moja. Alisema hakujua kwamba ningedai, angeiandika hivyo tangu mwanzo. Basi kikao cha kwanza, kabla hamjaanza hata salamu, mwambieni: nitadai bima, nahitaji ankara kamili.

Nilipeleka tena. Safari hii walikubali, lakini si zote. Mkataba wetu unalipa hadi shilingi 2,500 kwa kikao kilicho nje ya orodha, hata kama wewe umelipa 4,000. Na kikao cha kwanza hawakukihesabu, kwa sababu nilikifanya kabla sijaomba kibali. Wengine watano walikuwa tayari kuwahesabu kwa sababu barua ya daktari ilikuwepo na nilieleza sababu ya kutomwona yule wa karibu. Vitano mara 2,500 ni 12,500. Nilirudishiwa hizo, nikabaki nimetumia 11,500 zangu na nauli. Ningepiga simu moja kabla ya kikao cha kwanza, ningerudishiwa 15,000.

Ninawapa hesabu yote kwa sababu sitaki mtu atoke hapa akidhani bima italipa kila kitu. Mara nyingi inalipa sehemu. Lakini elfu kumi na mbili na mia tano ni karo, ni mbegu, ni vikao vingine vitatu.

Kwa hiyo simu hiyo ya kwanza, mnauliza nini? Uliza kama mkataba wako unalipia afya ya akili ya mgonjwa wa kuja na kuondoka, au ya kulazwa pekee. Uliza kama wanarudisha pesa kwa mtaalamu asiye kwenye orodha, kiasi gani kwa kikao, na kwa mwaka mzima kikomo ni kipi. Uliza kama kikomo hicho kimejitenga au kinakula pesa zilezile za malaria na meno ya watoto, maana hapo unaweza kumaliza bima ya nyumba nzima ifikapo Juni. Uliza wanamkubali nani: wengine wanalipa mwanasaikolojia wa kimatibabu na daktari wa magonjwa ya akili tu, hawalipi mshauri. Tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu 2014, na mtaalamu wa kweli hatachukia ukimwuliza usajili wake. Mchungaji wako anaweza kuwa na hekima nyingi, lakini ankara yake haitalipwa. Uliza kama vikao vya simu au video vinahesabiwa. Kwa anayeishi Kasigau au Challa, hilo ndilo swali kubwa kuliko yote. Uliza una siku ngapi za kupeleka madai. Wangu walinipa siku 90 tangu tarehe ya kikao.

Kisha omba kibali kwa maandishi, hata kama ni barua pepe fupi. Maneno ya simu hupotea. Ukizungumza na mtu, andika jina lake, siku na saa. Mimi nina daftari la hayo sasa, na ninyi wahudumu wa afya ya jamii mnaweza kuwasaidia jirani zenu kuweka daftari kama hilo.

Nimeulizwa hapa mlangoni na mwalimu mmoja: nikidai, mwalimu mkuu si atajua? Ni hofu ya kweli, na inawafukuza wengi kuliko bei. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya yako katika kundi la habari nyeti, na mwajiri hana haki ya kuzisambaza. Lakini usingoje sheria ikulinde ilhali unaweza kujilinda. Uliza kama unaweza kupeleka madai moja kwa moja kwa kampuni ya bima au kwa wakala wake, bila kupitia ofisini. Kama lazima yapite ofisini, yafunge kwenye bahasha na uandike juu kwamba ni siri ya matibabu. Ofisi inahitaji kujua una madai. Haihitaji kujua F ngapi.

Hofu nyingine ni kwamba mwaka ujao kampuni itakataa kukukatia bima kwa sababu sasa "una akili mbaya". Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022, na marekebisho hayo yanasema kampuni ya bima haitambagua mtu kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Wanaweza kukuwekea muda wa kusubiri kwa hali uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, kama wanavyofanya kwa kisukari na presha. Kwa hiyo ukijaza fomu mpya usifiche. Ukificha, wakigundua, wamepata sababu ya kutolipa, na safari hiyo sheria haitakuwa upande wako.

Na wakikataa bila sababu ya maana? Andika barua ya kupinga, ambatanisha karatasi zako, dai sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Nakuhakikishia neno "kifungu" huamsha watu. Wakikaa kimya au wakishikilia, malalamiko yanapelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Si lazima uwe na wakili. Kama bima ni ya mwajiri, mhusishe pia, kwa sababu yeye ndiye mteja mkubwa na kampuni haipendi kumpoteza. Walimu na wafanyakazi wa mashirika mlio hapa, wakati mkataba unapokaribia kufanywa upya ndio wakati wa kusema: orodha hii ina mtaalamu mmoja tu upande wetu, tunataka waongezwe, na tunataka kiwango cha nje ya orodha kipande. Mkataba ukishatiwa sahihi, mmekosa mwaka.

Kuna jambo moja ambalo halingoji karatasi. Mtu akisema anataka kujitoa uhai, hapo hakuna kibali, hakuna orodha, hakuna kupiga simu bima. Mpeleke hospitali iliyo karibu sasa hivi, usimwache peke yake. Mambo ya malipo yatapangwa akiwa salama. Laini ya Msalaba Mwekundu ya 1199 haitozwi. Na msiogope kwamba mtapeleka mtu akakamatwa: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kile kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Mtaniuliza kama nilipona. Siku hizi nalala. Lori likipiga honi karibu bado nashtuka, lakini nashtuka kama mtu yeyote. Mama sasa anawaambia majirani kwamba daktari wa Mombasa anajua kazi, ingawa bado anasema tungekwenda kwa yule mtu wake mambo yangeisha kwa siku moja na kuku mmoja.

Pale mezani kando ya mlango kuna ankara ya mfano iliyojazwa jinsi inavyotakiwa, na barua fupi ya kuomba kibali, kwa Kiswahili na Kiingereza. Chukueni, mpeleke kwa wataalamu wenu wazione. Aliyekuja na kadi yake ya bima au mkataba wake, nitakuwa hapa na dada wa ofisi ya wafanyakazi hadi saa nane mchana, tuusome pamoja. Wenye risiti za karibu siku 90 waanze wao, wengine mtusubiri kidogo.